Kwa Waheshimiwa Waagizaji na Wauzaji wa Vipuri vya Pikipiki: Juu ya Sili Zinazovuja

Kwa mabwana na mabibi waagizaji wa pikipiki na wauzaji wa vipuri vyake, walioko Tanga, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko katika nchi yetu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na taadhima iwapasayo watu ambao bila ya biashara yao mimi na wenzangu wengi tungekuwa hadi leo twangoja basi juani, naomba ruhusa niwaeleze jambo ambalo kwa udogo wake laenea katika kiganja cha mtoto, nalo ni sili ya shokapu ya mbele, ile pete ya mpira mweusi iliyofichwa juu ya ala ya shokapu, ambayo kazi yake ni kuyazuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Nawaandikia hadharani, wala si faraghani, kwa sababu nimekwisha kuja madukani mwenu mara nne, na kila mara nimerudi nyumbani na jawabu lisilonifaa. Na kwa kuwa najua kuwa si mimi peke yangu niliyejibiwa hivyo, nimeona ni insafu maneno haya yasomwe na wote.

Mimi si fundi. Ni mwalimu, na pikipiki yangu ya cc 125, iliyoundwa India, hunichukua kila siku kutoka Ngamiani hadi shuleni, na mara mbili kwa mwezi hunipeleka Pangani kumwangalia mama yangu, mwendo wa kilomita 50 hivi. Masika yaliyopita, baada ya kurudi safari moja ya tope, niliona juu ya bomba la shokapu, upande ule ule wenye breki, duara la mafuta jembamba kama uzi, na vumbi limelishika. Nikalifuta, na kesho yake likarudi. Nikajaribu kwanza dawa ya bure, nikakata kipande cha negetivu ya picha ya zamani kwa umbo la ndoano, nikakipenyeza baina ya bomba na ulimi wa sili na kukizungusha, maana mara nyingine mchanga mmoja tu ulioketi pale ndio uletao balaa yote. Mchanga ulitoka, lakini mafuta hayakukoma. Wiki ya pili yakateremka kwenye ala, na sehemu ya mbele ya pikipiki ikawa yazama na kuinuka kila nikipita shimo, mithili ya ngalawa iliyopigwa na wimbi la ubavuni. Hapo nikajua sili zimekufa, na Jumamosi moja nikatandika mkeka mkuukuu chini ya mwarobaini, nikamwita mpwa wangu anishikie, nikaanza kuifungua.

Walakini kabla sijawalaumu, nimejihukumu mwenyewe kwanza. Sili mpya nilizozitia mara ya kwanza nilizipitisha juu ya ncha ya bomba bila ya kuifunika, na ncha ile ina ukali. Ulimi wa mpira ukakwaruzwa, na siku ya tatu mafuta yakaonekana. Kosa lile lilikuwa langu, wala sikumdai mtu. Nikanunua nyingine. Safari hii niliifunika ncha kwa kipande cha mfuko wa plastiki, uliosalia katika kabati la mke wangu tangu kabla ya marufuku ya mwaka 2019, nikaupaka mafuta, nikaiteremsha sili polepole, upande wenye springi ukielekea chini yaliko mafuta, kisha nikaigonga mahali pake kwa kipande cha bomba la maji, huku nimeweka sili kuukuu juu ya mpya ili pigo lisiidhuru. Nililibingirisha lile bomba la chuma juu ya kioo cha meza nione kama limepinda, nalo halikuwa limepinda. Nililipapasa kwa ukucha, nikakuta vidoa viwili vya kutu, kwani hewa yetu ya chumvi haina huruma na kromiamu, na kidoa kisichozidi punje ya ulezi chatosha kuukata ulimi wa sili kila bomba linaposhuka na kupanda. Nikavisugua kwa msasa laini, namba 2000, uliochovywa mafuta, hata ukucha usikwame tena. Hayo yote niliyafanya, na mpwa wangu ni shahidi. Sili zikavuja siku ya tisa.

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mnatulazimisha kununua shokapu nzima. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea, ambaye simtaji jina wala duka, aliniambia kwamba sili peke yake hawaziweki, na kwamba nikitaka ninunue shokapu mbili kamili kwa shilingi 140,000. Sili mbili nilizozipata baadaye kichochoroni zilinigharimu shilingi 6,000. Mimi mwenye mshahara naweza kuguna na kuondoka. Lakini mfikirieni kijana wa bodaboda ambaye kila jioni hana budi kupeleka hesabu kwa tajiri wake, atafanyaje akiambiwa bei ile? Atafunga kitambaa kwenye bomba, kama wafanyavyo wengi mnaowaona barabarani, na kitambaa kile kitanyonya mafuta pamoja na mchanga, na mchanga utalisaga bomba, hata siku moja kweli ahitaji shokapu nzima. Sidhani kwamba mlikusudia iwe hivyo, lakini ndivyo iwavyo.

Wala msiniambie kuwa chombo hiki ni cha ajabu kisichofunguliwa ila na mabingwa. Kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa pikipiki ya R12 yenye shokapu za mbele za mabomba na mafuta mwaka 1935, na asili ya kazi yake haijabadilika katika pikipiki ndogo tunazoendesha: bomba moja hutelemka ndani ya jingine, springi hubeba uzito, na mafuta, kwa kusukumwa kupita katika vitundu vidogo, huizuia springi isirukeruke. Katika vyote hivyo, kipande chepesi kuchakaa ni mpira. Mtengenezaji aliufanya mpira ule utoke na kubadilishwa. Ninyi mkikataa kuuuza mbali, mwaifuta hekima yake.

2. Sili mnazotuuzia hazina vipimo, na nyingine zimezeeka kabla ya kuvaliwa. Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, nami naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Sili kongwe niliyoitoa, iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, ilikuwa imechapwa usoni pake 31, 43 na 10.3, yaani tundu la ndani lina milimita 31, kipenyo cha nje 43, na kimo 10.3. Mtu akiisha kuzisoma namba hizo hahitaji kujua jina la pikipiki wala rangi yake, atanunua sili popote duniani na itamwenea. Pakiti niliyouziwa haikuwa na namba hata moja. Ilikuwa na picha ya pikipiki isiyokuwa yangu, na neno la kusifu ubora, na ndani yake mlikuwa na sili mbili ambazo, nilipoazima kalipa kwa jirani yangu fundi wa vyuma na kuzipima, zilihitilafiana kimo kwa nusu milimita. Nusu milimita si kitu katika mlango wa nyumba, lakini juu ya sili hukaa ringi ya waya ambayo hainasi katika mfereji wake iwapo sili imeinuka kupita kiasi, na ringi isiponasa, shinikizo la mafuta laweza kuisukuma sili nje.

Nilipozitoa zile zilizovuja siku ya tisa, niliziweka mezani chini ya taa na kuzitazama kama mtu atazamaye lulu. Ndani ya ulimi wa sili huwa na springi nyembamba ya mviringo, iliyounganishwa ncha kwa ncha, ambayo huukaza mpira ulikumbatie bomba daima. Katika sili moja springi hiyo ilikuwa imelegea hata niliweza kuinyanyua kwa ncha ya kalamu, na kiungo chake kikaachana mkononi mwangu. Ya pili springi yake ilikuwa nzima, lakini nilipoukunja ulimi wake kwa kidole gumba, mpira ulifanya nyufa ndogo ndogo, kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Nikakumbuka nilikoiona: ilikuwa imetundikwa katika kioo cha mbele cha duka, kiwambo kinachopigwa na jua la magharibi kila alasiri, na pakiti yake imepauka hata wino mwekundu umekuwa wa waridi. Mpira, waheshimiwa, hufa dukani kama ufavyo barabarani. Joto na jua huukausha, na mnunuzi hana njia ya kujua kama umekaa pale mwezi mmoja au miaka sita, kwa maana hamkuandika.

Sisi watu wa pwani tunazo ilimu zetu juu ya kuzuia uvujaji. Fundi akalafatiye jahazi haishindilii pamba yoyote katika ufa wowote. Huupima ufa kwanza kwa patasi, akaisokota pamba kwa unene uufaao, na akijua kuwa pamba ni mbovu, haitii, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda akasafiri katika chombo kile. Laiti muuzaji wa sili naye angelazimika kupanda pikipiki aliyoiuzia!

Ombi langu katika hili ni jepesi: kila pakiti iandikwe vipimo vitatu kwa milimita, na mwezi na mwaka ilipotengenezwa, na mahali ilikotengenezwa kwa kweli, wala si jina la nchi yenye sifa lililobandikwa juu ya bidhaa ya nchi nyingine. Kuandika alama ya uongo juu ya bidhaa si ujanja wa biashara. Nchi hii inayo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Shirika la Viwango tangu 1975, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kuwa jambo hili limemjia ghafula.

3. Mnauza sili bila ya jamaa zake. Sili haiendi peke yake: juu yake ina kofia ya vumbi, baina yao ringi ya waya, na chini kabisa ya ala, kwenye bolti inayoishika nguzo ya ndani, ina washa ya shaba ambayo ikiisha kubanwa mara moja haifai kutumainiwa tena. Nilizunguka siku mbili kutafuta washa ile, yenye thamani isiyozidi ya andazi, na mwishowe nikaichoma moto ile kuukuu ili ilainike, nikairudisha. Ziwekeni zote katika pakiti moja, mtuuzie kwa faida yenu ya halali.

4. Kijitabu mnachotupa hakitufundishi lolote. Nilipoinunua pikipiki nilipewa kijitabu cha Kiingereza, chenye kurasa nyingi za kunionya nivae kofia, na humo hamna mstari mmoja usemao kila shokapu yataka mafuta kiasi gani wala ya uzito gani. Nikauliza mafundi watatu. Mmoja akasema kikombe cha kahawa, wa pili akasema nusu chupa ya soda, wa tatu akasema jaza mpaka uridhike. Na kuhusu aina, wa kwanza akanishauri oili ya injini, 20W-50, ambayo ni nzito mno, ilhali wa pili akataja mafuta ya shokapu ya uzito wa 10, nami nikamwamini kwa sababu ndiye pekee aliyenieleza kwa nini. Tafadhalini msidhani kwamba kiasi hiki ni mzaha. Mafuta yakipungua, springi hurukaruka. Yakizidi, hewa iliyo juu yake hukosa nafasi, na shokapu inapobonyea shinikizo hupanda na kuibomoa sili hata kama ni mpya na njema. Mwishowe nilifanya nilivyoweza: nikazitoa springi, nikayasukuma mabomba hadi chini, nikapima kwa rula kutoka ncha ya juu hadi usoni pa mafuta, nikahakikisha kushoto na kulia ni sawa sawa. Usawa niliupata; lakini kama kiasi chenyewe ndicho alichokikusudia mtengenezaji, Mola ndiye ajuaye, na ninyi ambao mngaliweza kumwuliza.

Na ile bolti ya chini! Kwa muda wa saa mbili mimi na mpwa wangu tuliizungusha kwa alenki, nayo ikazunguka pamoja na nguzo ya ndani bila ya kufunguka, kama mtu akubaliye kila neno lako wala asitende hata moja. Tulijaribu kuishika nguzo kwa ufito wa mwanzi uliochongwa kutoka juu. Ufito ukapasuka. Tukapumzika, tukanywa chai, na mpwa wangu, ambaye shuleni simsifu kwa bidii, akasema: “Mjomba, mbona tumeitoa springi mapema?” Tukairudisha springi na kizibo chake, nikaisimamisha shokapu wima nikailalia kwa kifua hata springi ikaikandamiza nguzo kwa nguvu, yeye akalala kifudifudi na alenki, na bolti ikaachia kwa mlio mmoja mfupi. Jambo ambalo lingalisemwa kwa mstari mmoja wa Kiswahili lilitumalizia asubuhi nzima. Kwa hiyo naomba kijitabu cha Kiswahili, hata kiwe cha kurasa nane, chenye vipimo vya sili, kiasi na uzito wa mafuta, na mpangilio wa kufungua na kufunga, michoro ikiwamo. Wako mafundi na walimu wengi watakaowasaidia kukiandika, na mimi ni mmoja wao, wala sitaki ujira.

5. Mnalichukulia jambo hili kuwa la usafi, nalo ni la roho za watu. Mmoja wenu aliniambia, akicheka, kuwa mafuta kidogo kwenye shokapu ni kama jasho la mtu afanyaye kazi. Bwana yule alisahau kilicho chini ya shokapu. Katika pikipiki yenye breki ya diski, mafuta yateremkayo upande huo huishia kwenye diski na pedi zake, na pedi iliyokunywa mafuta haishiki. Na breki ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa kuwa mtu ashikapo breki uzito wote huinamia mbele. Niliyajua haya siku nilipokuwa nashuka kuelekea daraja dogo, mbuzi wakakatiza njia, nikaishika breki ya mbele, nayo ikateleza kama sabuni. Breki ya nyuma ikaniokoa, pamoja na majaaliwa. Pedi zile nilizitupa, kwani zikiisha kulowa kusafisha kwake hakuaminiki. Nyuma yangu siku ile hapakuwa na mtu. Nyuma ya bodaboda aghalabu huwa na mtu: mwanamke mjamzito akimbizwaye hospitali, au watoto watatu wa shule waliopangwa kama sahani, jambo ambalo silitetei, lakini lipo, na mnalijua kuwa lipo wakati mnapohesabu mauzo yenu.

6. Mnakataa kurudishiwa. Nilipozirudisha zile sili za siku tisa, muuzaji alinionyesha kibao kilichoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akasema, kwa upole nakiri, kuwa kitu kikishafungwa kwenye chombo hakuna dukani atakayekipokea. Lakini sili haijaribiwi kwa kutazamwa! Shati mtu hulivaa mbele ya kioo, redio huwashwa, tikiti maji hupigwa kofi likasikilizwa. Sili haina jaribio lingine ila kutiwa mahali pake na kuendeshwa. Ikiwa dhamana hufa papo hapo inapofungwa, basi hapakuwa na dhamana tangu mwanzo. Wapeni wanunuzi siku 30, na masharti mtakayoyaona ya haki: risiti iwepo, na ulimi wa sili usiwe na mkwaruzo, maana mkwaruzo ni kosa la mfungaji, kama lilivyokuwa langu mara ile ya kwanza, na jicho la mtu mzoefu hulitambua bila ya shida.

Nanyi, waheshimiwa, mna udhuru wenu, wala sikatai kuwa baadhi yake ni wa kweli: kwamba soko limejaa bidhaa ghushi ambazo hata ninyi huuziwa kwa hadaa, na kwamba mnunuzi mwenyewe, akiwekewa sili mbili kauntani, hunyoosha mkono kwa ile ya bei ndogo. Lakini mnunuzi atachaguaje kilicho bora ilhali pakiti zote mbili zimenyamaza? Andikeni vipimo na tarehe, halafu anayetaka rahisi na anunue rahisi, akijua anachokinunua.

Naomba mambo haya yatazamwe kabla ya masika yajayo, kwani tope likianza sili nyingi zitalia kwa pamoja. Nakala ya barua hii nitaipeleka Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani, si kwa kuwashitaki, bali ili pawe na mashahidi. Pikipiki yangu sasa ina sili nilizoletewa na rafiki yangu baharia kutoka Mombasa, zenye namba zote tatu usoni, na tangu nizitie bomba ni kavu. Zile zilizovuja ziko ndani ya bahasha juu ya meza yangu, pamoja na springi iliyoachana na risiti zote mbili. Yeyote kati yenu atakaye kuzitazama, nitamletea dukani kwake.

Wabillahi taufiki,

Ni mimi wenu kwa hishima,
Mwalimu, mpanda pikipiki,
Ngamiani, Tanga.